Gavana Aliyenikaba Sauti

Nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, miaka michache kabla ya korona, Bibi mzaa mama alitoka Lamu akaja kukaa nasi Uingereza, mtaa wa Bordesley Green mjini Birmingham. Wakati huo darasa letu lilikuwa likiandaa mchezo kuhusu ofisa mmoja wa manowari, mzaliwa wa mji wetu huo, aliyeishia kuwa gavana wa kisiwa cha mbali. Gavana nilikuwa mimi. Nilipewa kofia yenye manyoya, nikavimba kichwa.

Mazoezi niliyafanya jikoni. Nilizoea kumjibu Bibi kwa Kiingereza, lakini Mama alinishurutisha nimweleze yote kwa Kiswahili. Basi nikajikongoja: jinsi gavana alivyoingia jeshi la majini angali kijana, alivyookoa wenzake meli ilipowaka moto, alivyotumwa kisiwani akapiga marufuku ngoma, kisha akaugua, na wenyeji wale wale wakamuuguza hadi akapona.

"Huyo mtu yu hai?" Bibi akauliza.

"Alikufa zamani, amezikwa Harborne, hapa hapa mjini. Jana tulipelekwa na mwalimu. Nilipanda juu ya kaburi lake, mvua ikininyeshea, nikatoa amri za meli!"

Bibi akaacha kukanda unga. "Umemkanyaga mfu, ukampigia kelele, hata neno 'marehemu' hukulisema? Atakukaba sauti, mwanangu."

Mimi na Mama tulicheka sana.

Asubuhi ya mchezo nikafungua kinywa, kikatoka kijimlio kama cha bawaba kavu. Mama, ambaye ni muuguzi, alinichungulia koo akasema nimejitakia kwa kupiga kelele mvuani. Bibi akachoma ubani, akamwomba gavana radhi, akanifukiza mimi na kofia yangu. Wapi!

Jukwaani nilisimama machozi yakinilengalenga, wazazi wameshatoa simu zao. Mara Bibi akainuka na buibui lake, akapanda, akanishika bega. Akaanza kusimulia maisha ya gavana kwa Kiswahili, Mama akifasiri kutoka kitini. Nami nikaigiza kimya: nikazima moto, nikakataza ngoma, nikaanguka mgonjwa.

Hapo Bibi akaongeza la kwake. "Watu aliwakuta na wazee wao, na sheria zao. Aliwanyima ngoma, nao wakampikia uji. Mimi pia mtu wa kisiwa. Utotoni mwangu tulikuwa na Mzungu wetu wa serikali, uso kaukunja kutwa. Pengine hakuna aliyempa uji."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mwalimu wetu akajifuta machozi.

Leo najua ilikuwa mvua. Bibi alishikilia kuwa ni gavana hadi siku aliyorudi Lamu, nami sikubishana naye. Ninalolikumbuka zaidi ni njia ya kurudi nyumbani, nilipomuuliza kwa mnong'ono, na kwa Kiswahili, kwao walikuwa wakicheza ngoma gani. Alinionyesha palepale kando ya barabara, mkoba mkononi. Nilikuwa nimejifunza maisha yote ya yule gavana kabla sijamuuliza Bibi yangu hata swali moja juu ya yake.