Michezo ya Ridhaa, Ridhaa ya Nani

Siku mama yangu alipompigia goti mwenye mashine ya mpunga, mwanangu, naikumbuka kama jana, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Najua mimi si mzee. Sina mvi, na wewe mwenyewe bado unang'oka meno ya utoto. Lakini wazee wa hapa kwetu wakiona mtoto anapewa viatu na mtu mwenye gari wanasema asante, wanakaa kimya. Basi kazi ya kukuonya nimeibeba mimi. Kaa hapa. Nuna kama unataka kununa, lakini sikiliza.

Nilikuwa nasoma bweni kule Mufindi, kwenye baridi ya kuuma masikio. Kabla jua halijatoka tulikuwa barabarani tunakimbia, wasichana peke yetu, na tulikuwa na utaratibu wetu ambao hatukufundishwa na mwalimu. Upepo wa kule unapiga usoni, na anayekimbia mbele ndiye anayeumia. Kwa hiyo tulipokezana. Unatangulia mpaka kifua kinabana, unasogea pembeni bila kusema neno, mwenzako anapita mbele, wewe unajificha mgongoni kwake na kuvuta pumzi. Rafiki yangu Tumaini alikuwa na mgongo mpana, nilipenda sana kukimbia nyuma yake. Kwenye mbio ndefu alikuwa ananishinda, huo ndio ukweli. Mimi nilikuwa na kasi ya mwisho, na sura ya kupigwa picha.

Sura ndiyo iliyoniponza. Huyo mwenye mashine, wa kule Rujewa, aliniona kwenye mashindano ya shule akaitaka sura yangu kwenye mifuko yake ya mchele. Binti anakimbia, mchele unatia nguvu, watu wananunua. Mwalimu wa michezo akamwita mama kutoka Nyololo. Mama akaja amevaa kitenge chake cha kanisani. Alipomkuta mgeni ofisini amekaa kwenye kiti, akafanya alivyolelewa na mama yake: akapiga goti, akamsalimia kwa kilugha, kamwene, akampa mkono huku mkono wa pili umeshika kiwiko. Mgeni akamkabidhi mfuko wa mchele, na mimi viatu vya kukimbilia. Mama akasema asante akiwa bado yuko chini.

Yaliishia hapo. Hakuna aliyemwambia sura ya mwanaye itauzwa mpaka lini. Hakuna aliyesema nikiumia itakuwaje, au nikichoka. Nilimfuata mwalimu baadaye nikamuuliza, kwa adabu zote, kama mkimbiaji naye hulipwa. Alicheka.

"Agnesi, hii ni michezo ya ridhaa. Mwanafunzi halipwi, anapewa zawadi."

Nilirudi bwenini na neno hilo kichwani. Ridhaa. Nilikuwa nalisikia redioni wakisema ngumi za ridhaa, nikidhani maana yake ni bure. Kumbe maana yake ni kukubali kwa moyo wako mwenyewe. Sasa niambie, mwanangu: mwenye mashine aliuza mchele, shule ikapata chakula, mwalimu akawa anapewa lifti mpaka Iringa mjini kama mheshimiwa. Aliyebaki kwenye ridhaa ni mimi peke yangu, na ridhaa yenyewe hakuna aliyeniomba.

Lakini si hilo lililoniuma zaidi. Malipo ya sura yangu yalikuja kama wali wa Jumapili kwa shule nzima. Tulizoea ugali wa dona na maharage mwaka mzima, ghafla Jumapili jikoni kunanukia wali. Wasichana wakanipa jina, Mpunga. Mara ya kwanza nilicheka nao. Nilijiona mkubwa, nalisha watu. Halafu mwalimu akaamuru kwamba mazoezini mimi nikae mbele muda wote, maana mpiga picha anaweza kuja siku yoyote, na Tumaini asinipite. Hapo kupokezana kukafa. Nilikuwa naula upepo wote peke yangu, na nyuma nasikia viatu vya wenzangu vimebaki mbali, mbali zaidi kila asubuhi. Nikisogea pembeni, hakuna anayepita mbele. Wanapunguza mwendo, wananisubiri.

Tumaini akahamisha godoro lake akaenda kulala upande wa pili wa bweni. Sikumlaumu. Niliwahi kumuuliza kama amenikasirikia, akajibu hana hasira, ila amechoka kuambiwa asiwe na mbio. Mezani watu walinipisha nafasi kwa heshima, nikikaa wanahamia benchi jingine. Shule nzima inakula kwa sababu yako na hakuna anayekula na wewe. Huo upweke sikuombei.

Ugoko wa mguu wa kulia ulipoanza kuuma nilimwambia mwalimu. Alisema mashindano ya Mbeya yamekaribia, na mfadhili, yule mwenye mashine, anakuja na wageni wake. Niliwaza kukataa. Jioni ile nilikuwa bombani nafua, msichana mmoja wa kidato cha pili, wala si mbaya, akaniambia huku anasuuza soksi zake, "Dada Mpunga, usipokimbia, Jumapili si tunarudi kwenye dona?" Wenzake wakacheka. Mimi pia nikacheka. Mwanangu, niliukimbiza mguu mgonjwa kwa ajili ya chakula cha watu ambao hawakuwa wanaongea na mimi.

Mbeya nilianguka kwenye kona ya mwisho. Nilisikia mguu unalia kama kijiti kikavu. Daktari alisema mfupa ulikuwa na ufa wa siku nyingi na ningepumzishwa mapema usingefika huko. Shule ilirudi na basi lake. Wodini alikuja mama peke yake, na viazi vya kuchemsha vilivyopoa njiani. Kutoka kwa mfadhili kuliletwa mfuko wa mchele. Dereva aliuegemeza ukutani, akasema pole, akaondoka. Nililala pale naangaliwa na sura yangu mwenyewe, iko mbioni, inacheka meno yote.

Tulipotoka hospitali mama alisema tupitie Rujewa. Daktari alitaka nirudi kliniki mara kwa mara, na mama alikuwa anauza viazi barabarani, nauli yenyewe ni tatizo. Tulishuka Igawa tukachukua bajaji, mimi na plasta yangu na magongo ya kuazima. Mwenye mashine alitupokea vizuri, sitasema uongo. Akaagiza soda. Mama akaeleza kwa sauti ndogo kwamba mtoto ameumia akikimbia kwa ajili yao, basi wamsaidie matibabu. Yule baba hakukasirika. Alishangaa tu, kama mtu aliyedaiwa na mtoto wa jirani.

"Mama Agnesi, mimi nilitoa zawadi. Ulipiga goti, ukasema asante, na mwalimu akiwepo. Sasa unadai nini tena?"

Mama aliweka chupa chini, haijafika nusu, akanishika mkono tukatoka. Tulikaa pembeni mwa barabara kusubiri usafiri, malori ya mpunga yanapita, vumbi linatuingia mdomoni. Halafu akasema, si kwangu hasa, alikuwa anaangalia mashamba:

"Mimi nilikuwa nasalimia tu."

Aliheshimu mgeni, na heshima yake ikageuzwa mkataba.

Ndiyo maana wiki iliyopita nilifanya nilichofanya. Umenichukia, najua. Mwalimu wako kaja na kijana wa duka mwenye simu kubwa, wanataka wakuchukue video unakimbia na fulana ya duka lao, wairushe mtandaoni, wewe upewe raba, shule ipewe mipira. Wewe ulishaanza kukunja goti. Nilikushika bega nikakuambia simama, nikawaambia wageni wakae, na mimi nikakaa. Nikauliza video itatumika mpaka lini. Nikauliza mtoto akiumwa nani anamtibu, akitaka kuacha anaacha vipi, na kwa nini anayekimbia apewe raba wakati anayesimama na simu analipwa. Yule kijana akasema mama, mbona mambo ya mtoto tu. Mwalimu akaleta lile neno, michezo ya ridhaa. Nikamwambia, "Ridhaa maana yake mtu amekubali. Mimi sijakubali."

Wakaondoka. Sasa wazazi wenzangu kisimani wananiita mwanasheria. Wengine wanasema nimewanyima watoto mipira, wakinikuta njiani wanaangalia simu. Wewe unakula umenipa mgongo. Ni sawa. Upweke huu nimeuchagua mwenyewe, una nafuu kuliko ule.

Na usinielewe vibaya. Pesa siikatai. Siku hizi pesa imeshaingia viwanjani, kwenye fulana, kwenye mabango, kwenye simu za watu, na haitatoka. Waliokula bila kukulipa ndio wanaokuambia mwanafunzi kulipwa ni kuharibu michezo. Ninachotaka ni ulipwe wewe, waziwazi, na ujue unalipwa kwa ajili ya nini.

Kwa hiyo shika haya. Bibi yako mpigie goti, mchungaji mpigie, mzee yeyote wa njiani msalimie kama tulivyokufundisha. Lakini mtu akitaka kitu chako, iwe sura, iwe jina, iwe mbio zako, ongea naye umekaa kwenye kiti, na mimi nimekaa pembeni yako. Asante iseme mwisho, baada ya kuuliza yote. Ukiumwa, acha, hata kama shule nzima italala na dona. Ukipata pesa, usikubali mtu yeyote akuambie mwenzako asikupite kwa sababu ya picha. Mwache apite. Mkimbiaji asiye na wa kumpokea mbele anachoka mara mbili, mimi nimechoka hivyo.

Mungu akupe pumzi ndefu na mifupa migumu. Akupe wenzako wa kukimbia nao asubuhi, wenye migongo mipana. Na siku utakaposema imetosha, urudi nyumbani unachechemea au umenyooka, akukutanishe na watu watakaokusogezea kigoda jikoni, wakumiminie uji, wasikuulize umekuwa wa ngapi.