Vizibo vya Masikio na Mama Mkwe wa Titye

Katika miaka ya sabini nilikuwa bwana mifugo wilayani Kibondo, na kazi ile ilikuja na pikipiki. Niliikuta imekwisha kuwazungusha mabwana mifugo wawili kabla yangu, na wote wawili walikuwa watu wa kupayuka. Aliyenikabidhi ufunguo alinieleza habari za breki kwa sauti iliyosikika sokoni kote. Nilidhani ndivyo alivyolelewa.

Ekzosi ya pikipiki ile ilikuwa imeoza kwa kutu, na kipande chake cha nyuma kilidondoka siku nilipokuwa napanda mlima wa kwanza kuelekea Kasulu. Niliandika barua kuomba vipuri. Nikaandika ya pili. Nikajibiwa kwamba barua zote mbili zimefika. Basi nikaendesha hivyo hivyo, na ngurumo yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba kuku waliokuwa barabarani hawakukimbia pembeni, walilala chini.

Kila nikirudi safari masikio yalivuma mpaka kesho yake. Sikulijali sana jambo hilo mpaka siku jirani yetu, mzee mstaarabu mwenye ng'ombe wanne, aliposimama uani kwangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Bwana mifugo, kesho tuna mazishi nyumbani."

Mimi nilisikia maziwa.

"Vizuri sana, mzee," nikamwambia. "Nitakuja na galoni."

Akanitazama. "Galoni?"

"La lita tano. Au yatakuwa mengi zaidi?"

Akasema hapana, lita tano zitatosha, akaondoka taratibu.

Asubuhi nikaenda na galoni langu, nimelisugua kwa majivu mpaka linang'aa. Nikakuta watu wameketi nje kimya, wanawake wamejitanda kanga, na kila jicho likahamia kwenye galoni. Aliyefariki alikuwa shangazi yake mzee yule. Nikabaki nimesimama na galoni mkononi. Ndipo yeye akainuka, akalipokea kwa mikono miwili, akaagiza lijazwe maji lipelekwe kwa wachimba kaburi, kisha akanishukuru mbele ya waombolezaji wote kwa kuwafikiria watu wenye kazi ngumu. Mpaka leo sijui kama alinielewa au alinihurumia.

Mke wangu, ambaye alikuwa na mimba ya miezi saba, alizipata habari hizo kisimani kabla sijafika nyumbani.

"Tafuta kitu uzibe hayo masikio," alisema. "Mtoto akizaliwa akilia utasema ni mlango."

Nilianza na pamba ya zahanati. Pamba ilikuwa laini na haikuniumiza, lakini upepo uliichomoa, na kelele ilipita ndani yake kama maji kwenye chekecheo. Nikajaribu nta ya nyuki, maana kwetu Kibondo nta haikuwa kitu cha kutafuta. Nta iliziba vizuri sana. Bahati mbaya ile niliyopewa haikuchujwa sawasawa, ilikuwa bado na asali. Jua lilipoilainisha, asali ikaanza kunitiririka shingoni, na nyuki wakatoka porini kuja kuulizia mali yao. Nilisimamisha pikipiki, nikajitupa majanini, nikabaki nimelala kifudifudi mpaka walipoondoka. Mama mmoja aliyepita na jembe begani alinisalimia kwa Kiha, nikamwitikia nikiwa pale pale chini, naye akaendelea na safari yake.

Safari iliyofuata ya Kasulu nikaingia katika duka la mzee mmoja ambaye baba yake alihamia kutoka pwani. Mzee huyo alivaa kofia ya kiua na kanzu isiyoshika vumbi, sijui kwa namna gani, na alimwita kila mtu mwanangu, hata waliomzidi umri. Nilipomweleza shida yangu hakucheka. Alilifunga daftari lake, akapanga vitu juu ya meza: vizibo vya gome vya chupa za dawa, kipande cha sponji ya godoro, na kandambili moja ya kushoto ambayo mwenziwe alikuwa amepotea.

"Mwanangu, hili ni jambo la kujaribu, si la kukisia," alisema. "Weka kimoja, ugeuke ukutani. Mimi nitapiga sinia kwa kijiko."

Nikaweka vizibo vya chupa, nikageuka. Vilikuwa vigumu kama kokwa, taya likaniuma.

"Umesikia?" akauliza.

"Sikusikia."

"Sasa umenijibuje?"

Tukaviondoa. Sponji nayo ilivimba vizuri sikioni lakini mlio wa sinia ulipita. Ndipo akachukua wembe, akakata vipande viwili vya kandambili, akavichonga kwa subira vikawa vyembamba mbele na vinene nyuma, akanitaka nivichemshe kwanza kwa kuwa hakujua mguu uliokuwa ukivaa kandambili ile. Mke wake alituletea maji ya moto ya chai, tukaviosha humo. Nilipovitia masikioni, dunia ilizimika. Niliuona mdomo wa mzee unacheza, nikaiona sinia inapigwa, mara nikaona wateja watatu wamesimama mlangoni wameziba masikio yao wenyewe. Nilitoka pale nikiwa mtu mpya, na kizibo kimoja cha samawati kila upande.

Mwezi mmoja na nusu baadaye mke wangu alijifungua binti, salama. Akasema anamtaka mama yake. Mama yake alikuwa kijijini Titye, wilayani Kasulu, na lori lililokuwa likipita upande ule lilikuwa limevunjika springi. Mimi nilikuwa nakwenda Kasulu kuchukua chanjo. Kwa hiyo ikaonekana, kwa kila mtu isipokuwa mimi, kwamba nitamchukua mama mkwe kwa pikipiki.

Asiyejua desturi zetu anaweza asione uzito wa jambo hili. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na kugusana ndiyo aibu yenyewe. Sasa huyu alitakiwa akae nyuma yangu kutwa nzima, kwenye kiti kimoja, kwenye barabara ile. Alikwisha kulifikiria kabla sijafika. Nilimkuta yuko tayari nje ya nyumba, kanga imemfunika mpaka puani, na kando yake mkungu wa ndizi mkubwa. Mkungu ukawekwa kati yetu. Mimi niliegemea ndizi, yeye alizikumbatia, na heshima ikalindwa.

Nikavaa vizibo vyangu, tukaondoka.

Barabara ya kwenda Kibondo ilikuwa mashimo matupu. Pikipiki ikitumbukia shimoni, kichwa changu kilikwenda chini, na ikitoka kilirudi juu. Nililiona hilo kuwa jambo la kawaida. Nisichojua ni kwamba mama mkwe, ambaye kwa miaka miwili ya ndoa yetu alikuwa hajapata kuzungumza nami zaidi ya salamu, alikuwa amegundua kwamba nyuma ya mkungu wa ndizi, nikiwa nimempa mgongo, anaweza kusema nami bila kuvunja desturi yoyote. Alisema tangu kijiji cha Makere mpaka tulipovuka mto Malagarasi, akipaza sauti kuishinda ekzosi. Na kila alipouliza jambo, mimi niliitikia kwa kichwa.

Tulifika jioni, wekundu kwa vumbi kama matofali. Mama mkwe aliingia ndani, akampakata mjukuu, kisha, nikiwa nimekwisha kuvitoa vizibo, nikamsikia akimwambia binti yake, "Mume wako nilimdhania mgumu, kumbe ni mtu msikivu kupita wote. Tumekubaliana kila kitu."

Mke wangu akatoka nje. "Mmekubaliana nini?"

"Sijui," nikasema.

Tulikuja kujua kidogo kidogo. Nilikuwa nimekubali binti yangu aitwe jina la bibi wa mama mkwe, ingawa mama yangu mzazi alikwisha kuleta jina lake na kuku wa kulisindikiza. Nilikuwa nimekubali mama mkwe akae kwetu mpaka mtoto atembee. Nilikuwa nimekubali kuacha kuchemshia sindano za ng'ombe kwenye sufuria ya mboga. Tena, kwa shimo kubwa lililokuwa karibu na daraja, nilikuwa nimekubali kwa kichwa mara tatu mfululizo kwamba wanaume wa ukoo wetu ni wavivu.

"Mwambie ukweli," mke wangu alisema, akijizuia kucheka.

"Nimwambie nilijiziba masikio yeye akiwa anasema na mimi?"

Akafikiri. "Usimwambie."

Basi nikayatimiza. Mtoto akawa na majina mawili, na bibi zake wawili kila mmoja akaliita lake kwa sauti kubwa. Sindano zikapata kopo lao. Mama mkwe akakaa. Binti alipofika umri wa kusimama, niliona kwamba kila akijaribu hatua, bibi yake anamnyanyua na kumweka mgongoni, akisema ardhi ina baridi.

Siku moja mama mkwe alikuwa akifua. Akaja mpaka kwenye kona ya nyumba, akageuza uso ukutani kama ilivyopasa, akanyoosha mkono nyuma. Kiganjani mlikuwa na kizibo changu.

"Baba wa mtoto," alisema, "hiki nimekitoa kwenye mfuko wa shati lako. Naona kandambili yako imezaa."

Sikuwa na uongo wowote karibu. Nikamweleza yote, tangu barua za vipuri mpaka mashimo. Nilizungumza na paja langu, yeye akausikiliza ukuta. Nilipomaliza, masikio yangu yalikuwa yanawaka moto.

"Kwa hiyo hukusikia lolote?"

"Sikusikia lolote, mama."

"Hata la ukoo wenu?"

"Hilo nimeambiwa baadaye."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikashtuka, nikamwita mke wangu. Alikuwa anacheka, ameuma pindo la kanga. Alipotulia alisema, "Basi nitakuuliza upya. Zamu hii tikisa ulimi." Akauliza moja baada ya jingine, nami nikajibu kwa mdomo wangu. Jina, ndiyo. Sufuria, ndiyo. La kukaa kwake pia nikasema ndiyo, na nilishangaa kugundua kwamba nilimaanisha, kwa kuwa nyumba ilikuwa imezoea sauti yake. La ukoo nilikataa. Akasema sawa, tuliache kwanza.

Binti alitembea mwezi uliofuata, akiwa amechelewa sana, na bibi yake akafunga mizigo. Nikampeleka Titye kwa pikipiki ile ile. Mkungu wa ndizi ulikuwa umekwisha kuliwa zamani, tukaweka gunia la maharage. Kwa heshima yake nilikwenda na masikio wazi, kelele yote ikiniingia, nikisubiri kusikia. Hakusema neno.

Tulipopumzika karibu na Makere, nikamuuliza, nikiwa nimeangalia upande wa porini, kama nimemuudhi.

"Hapana," alijibu. "Mara ile ya kwanza niliung'ata ulimi mara nne. Leo nimesema nijipumzikie."

Akaomba aonyeshwe vile vizibo. Akavigeuzageuza, akavitia masikioni mwake chini ya kanga, akatulia kidogo, kisha akanifanyia ishara kwa mkono kwamba niwashe pikipiki. Tukafika Titye saa tisa, baba mkwe akaja mbio kutupokea huku akiuliza habari za mjukuu, naye mama mkwe akawa anamwitikia kwa kichwa tu.