Chemchemi Saba za Kizuba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika idara ya maji ya mji, nilipewa dumu la lita ishirini na saa ya mkononi, nikatumwa kupima chemchemi huko Gatsata. Unakinga dumu, unahesabu sekunde mpaka lijae, kisha unapiga hesabu maji yale yatatosha watu wangapi. Ilikuwa masika. Dumu lilijaa kufumba na kufumbua, nami nikarudi mbio kwa Mkuu wa Kituo, mzee aliyekulia Bujumbura, kumwambia maji yatatosha mlima mzima.

"Oya, hapana, dada. Hiyo iko maji ya mvua," alisema bila kuinua kichwa. "Urudi kule mwezi wa nane, ukinge tena. Ndiyo uniletee hesabu."

Mwezi wa nane dumu lilichukua muda hata nikatafuta jiwe la kukalia. Niliona haya. Wangelaza mabomba kwa hesabu yangu ya kwanza, nusu ya nyumba zingekaa kavu. Nilihamishiwa kwenye matangi ya Kagarama, kisha Nyabugogo, ambako Mhandisi Mkuu alitukataza kuhesabu umati wa stendi, maana jioni wanapanda mabasi wanakwenda zao. Kote nilipima kiangazi tu.

Nimeshastaafu sasa. Mwaka huu Claudine, binti wa marehemu kaka yangu, alikuja na uso umemshuka. Ameandika kitabu cha mji wa kubuni uitwao Kizuba, uliojengwa juu ya mlima, wenye wafalme wanaoruka angani.

"Mchapishaji amekirudisha, Shangazi. Wafalme wanaoruka anawakubali, mji ndio hauamini! Nisipourekebisha kufikia Ijumaa, basi."

"Una watu wangapi?"

"Milioni moja."

"Wanakunywa nini?"

"Iko chemchemi saba. Nimeandika mtungi unajaa ukihesabu mpaka kumi."

Nikachukua penseli. Mtungi wake ni sawa na dumu langu. Chemchemi moja, usiku na mchana, hujaza mitungi elfu nane na mia sita na kitu. Zote saba, kama elfu sitini. Kila mtu mtungi mmoja kwa siku, basi watu elfu sitini.

"Na kiangazi?"

Akafunua kitabu chake. Sura ya tisa ameandika mwenyewe kwamba maji hupungua nusu.

"Elfu thelathini," nikasema.

Machozi yakamlengalenga. "Lakini vitani nimeua watu laki moja!"

"Hao hawakuwahi kuwepo, mwanangu."

Mji ambao hauna hata tofali moja duniani ulikuwa umetii maji kama Gatsata ilivyoyatii. Nilikaa nikiitazama ile karatasi kwa mshangao, kazi ya maisha yangu yote ikanijia upya.

Mchapishaji alikubali Ijumaa hiyo hiyo. Jumapili Claudine alikuja kunisomea sura ya vita. Wafu walikuwa wamebaki arobaini na mmoja.

"Mbona wachache hivyo?" nikamuuliza.

"Mji umekuwa mdogo, Shangazi. Wanachota pamoja, wanajuana. Kila niliyemuua, ilibidi niandike nani alimngoja pale chemchemini."

Akanisomea majina yote arobaini na moja. Mimi niliyehesabu watu kwa madumu miaka yote ile nilivua miwani, nikalia.