Mawese kwenye Klachi

Mwaka ule wakimbizi walipofurika Kigoma, kila aliyejua Kirundi akawa mtu muhimu. Baba ni Muha, na Kirundi kwake ni Kiha kilichochana nywele. Shirika moja la misaada likamwambia litamchukua awe mkalimani kambini, mradi Jumatatu saa moja asubuhi afike ofisini kwao na pikipiki yake mwenyewe, waione inatembea. Alikuwa amekaa bila kazi tangu mwaka uliopita. Nyumbani hatukuzungumza kingine.

Pikipiki tulikuwa nayo. Ilinizidi umri mara mbili na ilikohoa kuliko babu. Jumatano Baba akamwaga oili chafu, akanituma kwa rafiki yake, dereva wa lori, nikaombe nyingine. Dereva alikuwa safarini. Nikarudi na chupa tupu na akili nyingi. Oili kazi yake nini? Kulainisha. Na mawese yanalainisha kila kitu hapa Ujiji, kuanzia maharage mpaka visigino vya bibi. Nikachota jikoni, nikamimina penye oili, nikamwambia Baba tayari.

Alhamisi asubuhi akabana klachi, akatia gia ya kwanza. Kwa kawaida ukibana klachi pikipiki inatulia mpaka uachie. Hii iliruka kama mbuzi aliyekanyagwa, ikazimika. Baba akasema ni waya wa klachi, akaukaza. Mchana akajaribu, ikaenda vizuri, akajisifu mpaka jua likazama. Ijumaa asubuhi ikaruka tena. Akabadili waya. Mchana safi. Jumamosi asubuhi ikaruka, akaulaumu mnyororo, akaulegeza. Mchana safi. Mama akamwuliza kwa upole kama huko kambini hawawezi kumpa zamu ya mchana.

Jumapili asubuhi pikipiki ikampeleka Baba hadi kwenye dagaa wa jirani walioanikwa uani. Ndipo akakubali kuita fundi.

Fundi alikuwa Mrundi aliyepanga chumba mtaa wa Kasingirima. Alikuwa amevuka ziwa kutoka kwao na mkoba wa spana na chupa moja ya oili. Gari lake liliachwa huko huko. Hakugusa kitu. Aliuliza tu inaruka saa ngapi. Baba akajibu kwamba pikipiki haijui saa.

"Mzee, saa ngapi?"

"Asubuhi. Jua likiwaka inatulia."

Fundi akatikisa kichwa, akafungua kifuniko cha klachi palepale, kabla jua halijapanda. Pleti zote zilikuwa zimegandana kama chapati zilizolala, katikati yake ute mzito wa rangi ya chungwa, ulioganda kwa baridi ya usiku. Akachovya kidole, akanusa, akalamba. Kisha akamwita mama yangu.

"Mama, mboga yenu iko huku."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Aligeuka polepole akanitazama, na mimi nikamtazama kuku mmoja kwa makini sana.

Adhabu yangu ilikuwa kusugua pleti zote kwa petroli, moja moja, hadi ziache kunuka kama jikoni. Fundi alimwaga mawese yaliyobaki, akazirudisha, akamimina oili yake yote aliyovuka nayo. Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba nasikitika. Akasema kwao aliwahi kukuta asali kwenye breki, kwa hiyo nisijione bingwa.

Jumatatu Baba akanipakia nyuma, kwamba ikiruka turuke wote. Mbele ya ofisi mkubwa wao akamtaka azime, awashe, asimame, aondoke. Baba akabana klachi, akatia gia. Pikipiki ikatulia kama bwana harusi. Mkubwa akamwambia kazi ni yake, kisha akauliza nani anaitengeneza, maana pikipiki zao wenyewe zimelala uani. Baba akasema anaye mtu, yuko Kasingirima, amlete leo leo?

Mkubwa akapanda nyuma mahali pangu, wakaondoka wawili kumfuata fundi, mimi nikaachwa barabarani nirudi Ujiji kwa miguu. Nilifika shule kipindi cha nne. Mwalimu akauliza sababu, nikamweleza ukweli wote, mawese na kila kitu. Akanichapa fimbo mbili: moja ya kuchelewa, moja ya uongo.