Kovu la Upande wa Pili

Mama yangu alikuwa kipofu, na picha haimfai kitu kipofu. Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Ilikuwa enzi za Mjerumani. Reli ilikuwa imeshapita Morogoro mjini na ilikuwa inaendelea kutambaa kwenda bara. Ndugu yangu aliteremka kutoka kwetu milimani, juu huko Mgeta, akaenda kufanya kibarua cha reli. Tulikuwa wawili tu kwa mama, yeye mkubwa, mimi mdogo. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa fundi kwenye karakana ya useremala ya misheni. Masika ya pili tangu aondoke, barua ikamfikia bruda, mtawa wa Kizungu aliyekuwa mkuu wa karakana. Ndugu yangu amekufa kwa homa kambini, mbali kupita Kilosa, na wameshamzika. Ndani ya barua mlikuwa na picha. Mhandisi mmoja wa Kizungu alikuwa na mchezo wa kupiga picha vichwa vya vibarua wake, kila mmoja ametazama mbele, hacheki wala hanuni. Bruda alinionyesha, akaniacha nilie, kisha akairudisha picha ndani ya kitabu chake cha sala.

Nilimpelekea mama habari. Hakulia.

"Nani amemwona?" aliuliza.

"Kuna picha yake, mama. Imekuja na barua."

"Picha mimi nitaionaje? Wewe umeletewa karatasi, unataka nimzike mwanangu kwa karatasi?"

Kwetu msiba una taratibu zake. Mtani wa ukoo ndiye anayenyoa nywele za wafiwa, na hagusi kichwa cha mtu mpaka mama wa marehemu amkabidhi wembe kwa mkono wake mwenyewe. Mtani wetu alikuwa mwanamke mnene, mwenye mdomo mchafu kuliko wote niliopata kuwajua. Alipanda mlima mara tatu. Mara ya tatu, akihema, alimwambia mama, "Bibi we, utanipa wembe, au nikunyoe kwa meno?" Zamani mama angemjibu tusi kubwa zaidi. Siku hiyo alinyamaza tu, na mtani akateremka mlima na utani wake.

Mama alihamia ukingoni mwa njia inayoshuka bondeni. Alikaa pale tangu asubuhi akisikiliza nyayo za wapitaji, na chakula hakigusi. Mafunda mawili ya uji, basi. Alisema atakula mwanawe akirudi. Shingo yake ikawa nyembamba kama ya kuku aliyenyonyolewa. Nilimbembeleza, nikamgombeza, siku moja nikamwita mkaidi mbele ya wapita njia, Mungu anisamehe. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Ndugu mmoja nilikuwa nimempoteza bila kuliona kaburi lake, na sasa mama alikuwa anamfuata mbele ya macho yangu, na mimi sina la kufanya.

Bruda alikuwa na kazi yake ya mapumziko. Alikuwa na msumeno wenye ukanda mwembamba kama uzi, umefungwa kwenye fremu iliyopindwa kama uta. Ulikuwa unakata kona kali ndani ya ubao bila kuupasua. Kutoka kwao alikuwa analetewa karatasi zenye michoro ya majani, ndege na watakatifu. Alizigandisha juu ya ubao mwembamba, akatoboa tundu, akapitisha ukanda, akakata. Siku moja nilikuwa nampangusia mtakatifu mmoja vumbi, kidole changu kikapita puani kwake. Nikasimama palepale. Mama hana macho, lakini vidole anavyo.

Nilimwomba bruda anifundishe kumkata ndugu yangu. Alitikisa kichwa.

"Mtakatifu huyu amechorwa na mtu anayejua kazi ya msumeno," alisema. "Picha si mchoro. Picha ina kijivu, na ubao hauna kijivu. Mahali ubao upo, au haupo."

"Nitachagua, Bruda."

"Haya, chagua. Lakini kila kinachobaki kishikane na mwenzake. Ukikizungushia msumeno pande zote, kitaanguka."

Picha alinipa kwa sharti moja, nisiitie alama hata ya ukucha. Wakati huo watu walikuwa wanachimba ulanga kwenye milima yetu, yale mawe yanayobanduka tabaka tabaka, membamba na maangavu kama kioo. Vipande vibovu vilitupwa kando ya mashimo. Niliokota kimoja kipana, nikakiweka juu ya uso wa ndugu yangu, nikaufuatisha kwa sindano. Nilikwaruza penye giza: chini ya nyusi, chini ya pua, mstari wa midomo. Kisha nikakwaruza kovu lake, kwa sababu hilo mama asingelikosa. Alipokuwa bado ananyonya, maji ya moto yalimwagikia shavu lake, kutoka sikioni hadi kwenye taya. Nikachora miraba juu ya ulanga na miraba mikubwa zaidi juu ya karatasi, nikawa nahamisha uso mraba kwa mraba, mpaka ukawa mkubwa kama uso wa mtu.

Ubao wa kwanza uliniaibisha. Nililikata jicho pande zote kwa sababu lilikuwa linapendeza hivyo, nikasahau maneno ya bruda. Msumeno ulipofunga mzunguko, jicho lilidondoka. Nilipiga magoti nikilitafuta jicho la ndugu yangu kwenye pumba za mbao, nikilia kwa sauti, na mafundi wenzangu wakatoka nje mmoja mmoja. Sijui nililitafutia nini. Lisingerudi.

Ubao wa pili ulikuwa mkangazi safi. Safari hii niliacha kidaraja kati ya jicho na nyusi, na kingine puani. Kovu nililifanya ufa mrefu uliopenya ubao. Nilikata siku nne nikitoka jasho, kwa sababu kila siku mama alikuwa anapungua. Nilipomaliza niliusugua uso kwa majani ya msasa mpaka ukateleza kama ngozi. Upande wa nyuma sikuugusa. Nani angeutazama nyuma?

Nilimkuta palepale njiani. Nilimpakatisha ubao, uso ukimtazama. "Mama, huyu hapa. Ndivyo alivyo kwenye picha."

Vidole vyake vilianzia kwenye paji la uso. Vilishuka kwenye nyusi, vikakaa kwenye macho, vikazunguka pua. Akauinamia ubao. Nikajua sasa atalia, na nikashukuru. Kisha mkono wake wa kulia ukapapasa shavu, ukarudi, ukapapasa tena. Mkono wa kushoto ukaliona kovu.

"Huyu si mwanangu," alisema.

"Mama..."

"Nyamaza! Mimi nilimnyonyesha na kidonda kile. Ziwa la kushoto tu, ili shavu bovu likae juu lisiguse mkono wangu. La kulia lilikauka. Kovu la mwanangu liko shavu la kushoto. Huyu ni mtoto wa mwenzangu, maskini, mwambieni mama yake." Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu barua ije. "Mwanangu yu hai. Nipe chakula."

Nilimwachia jirani ampakulie, nikakimbia hadi misheni. Kwenye picha, kovu lilikuwa shavu la kushoto. Nikachukua ulanga nikaunyanyua kwenye mwanga, nikaugeuza, nikaugeuza tena. Ulanga hauna mbele wala nyuma. Wakati fulani niliuweka mezani nipanguse machozi, nikauokota kinyume. Mtasema ilikuwaje nisione. Nilikaa na ndugu yangu maisha yangu yote, tukila sahani moja, na sikuwahi kujiuliza kovu lake liko upande gani. Lilikuwa la kwake tu.

Nilipanda tena mlima nikiwa nimeshapanga maneno. Nikamkuta mama amekaa jikoni, ameshika tonge la ugali, mchuzi wa kunde unamchuruzika kidoleni, anaulizia kama yamebaki maharage. Maneno yakanirudi tumboni. Nikajiambia, ale kwanza. Nitamwambia kesho.

Kesho hiyo ilichukua masika mawili. Mama alinenepa. Kila jioni alitenga chakula cha ndugu yangu kwenye bakuli akalifunika, na kila asubuhi mimi ndiye niliyekimwaga. Ubao aliuweka karibu na kitanda chake, akimwombea yule mtoto wa mwenzake. Mtani alikutana nami sokoni akanitazama bila utani wowote, na hilo liliniumiza kuliko matusi. Ndugu yangu alikuwa amelala huko bara bila mtu hata mmoja aliyemwekea matanga kwao, na mimi ndiye niliyemzuilia machozi. Nilimchukia mama kwa furaha yake. Nilijichukia mimi zaidi. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nangojea siku yangu.

Ilikuja asubuhi moja ya ukungu. Mama alikuwa amekaa karibu na moto, ubao mapajani, mgongo wa ubao juu.

"Upande huu hukuupiga msasa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kibanzi kimenichoma. Ubao uliniangukia kitandani, nikauokota hivi." Mkono wake wa kulia ulikuwa umetulia juu ya kovu. "Liko mahali pake."

Nikasukuma ukuni motoni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipoomba chakula."

Sufuria ilichemka ikamwagikia moto, hakuna aliyeinuka.

"Kwa hiyo nilikula matanga ya mwanangu huku nacheka," alisema. "Nenda kamwite mtani. Uje na wembe."

Mtani alikuja kabla ukungu haujapanda. Alifungua mdomo, akamwona mama, akaufunga. Mama alinyoosha mkono na wembe ndani yake.

"Anza na huyu," alisema, akinielekezea mimi kidevu. "Ndiye aliyemchelewesha."

Nilikaa chini. Wembe ulipogusa kichwa changu, mama alianza kulia.