Elfu nne, elfu tano

Kwa kiwanja chetu cha ndege, cha changarawe ya murram, njia ya Garbatulla, hakuna mnara ya kuongoza ndege. Kuko chumba moja ya mabati, redio, na ubao wa karatasi, kila ndege na karatasi yake. Rubani akitaka kushuka anatuuliza nani yuko hewani na yuko juu kiasi gani. Tukimdanganya, wanagongana.

Wakati wa kubadilisha zamu, anayetoka anasoma kila ndege kwa sauti, anayeingia anarudia, halafu anasema, "Nimechukua." Mimi niliona hii maneno ni ya kupoteza wakati. Si ubao naiona?

Ijumaa moja, mzee wa zamu ya asubuhi alikuwa anaenda msikitini. Kofia iko kichwani tayari.

"Ndege ya kuhesabu ngamia," akasoma. "Iko futi elfu nne, lakini..."

"Elfu nne, nimechukua. Mzee, enda, utachelewa swala."

"Wewe msichana, ngoja nimalize."

"Imamu hatakungoja! Hii nyingine ni ya daktari, inakuja kuchukua mama mjamzito. Nimechukua yote."

Akatingisha kichwa, akawasha pikipiki. Kusema ukweli sikuwa namhurumia. Nilitaka tu kiti.

Mama mwenyewe alikuwa amelala kwa kivuli ya Land Rover hapo nje. Amekaa na uchungu siku mbili. Dada yake alikuwa anapepea uso yake na leso.

Ndege ya daktari ikaita. "Kuna nani hapo?"

"Ndege moja, futi elfu nne, juu ya kiwanja."

"Sawa. Nashuka elfu tano."

Nikaandika, najiskia mtu mkubwa. Halafu yule wa ngamia akaingia kwa redio, sauti ya kuchoka: "Upepo huko chini bado mbaya. Naendelea na elfu tano kama nilivyomwambia mzee."

Hio ndio "lakini" ya mzee.

"Daktari, usishuke! Baki elfu sita!"

Nikaita tena. Nikasikia kelele tu ya watu wawili wanaongea pamoja kwa redio, neno haisikiki. Nikatoka mlangoni na waya ya maikrofoni imenyooka, nikaangalia juu. Mwangaza tupu. Dada ya mama akaniuliza, "Imefika?" Nikabonyeza maikrofoni tena.

"Daktari, baki elfu sita! Kuna mtu elfu tano!"

"Nimeskia," akasema. "Nilikuwa nimeanza kushuka. Nimepanda tena, niko sita. Namwona huyo, anapita chini yangu saa hii."

Nikafuta elfu nne kwa karatasi ya ngamia, nikaandika elfu tano.

Wa ngamia akaondoka kaskazini, daktari akatua. Wakati wanabeba mama, rubani wa daktari akasimama mlangoni. "Nani aliniambia elfu nne?"

"Ni mimi. Mzee alitaka kuniambia ile ya ngamia imepanda, nikamkatiza."

"Andika hivyo hivyo."

Nikaandika kwa kitabu ya zamu, na jina yangu chini. Mzee akapitia hapo akitoka swala, akavaa miwani, akasoma mara mbili. Hapo hapo redio ikalia: daktari yuko tayari kuruka, anauliza nani yuko hewani.

Mkono yangu ikaenda kwa maikrofoni.

"Lete hapa," mzee akasema. "Na utoke kwa kiti yangu."

Nikampa, nikasimama nyuma yake. Ndege ikaruka na mama.