Jinsi Mama Shija Alivyonunua Gari Kalangalala

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Tawi hakunionyesha meza wala kiti. Alifungua mlango wa gari jipya lililosimama katikati ya ukumbi wa maonyesho, akasema, "Ingia, kaa nyuma ya usukani, funga mlango, usiguse kitu." Nikaingia. Mlango ulijifunga kwa sauti ndogo, nzito, na kelele zote za mjini Shinyanga zikakatika papo hapo: bodaboda, wauza maji, mashine ya kusaga ya jirani. Viti vilikuwa bado vimefunikwa nailoni. Harufu ya gari ambalo halijakaliwa na mtu nilikuwa sijawahi kuinusa maishani. Nyumbani kwetu chombo cha kusafiria kilikuwa baiskeli moja, nayo ilikuwa ya baba.

Nilipotoka, Mkuu wa Tawi aliuliza, "Umeona nini?"

"Nimeona sitaki kutoka," nikamjibu.

Akacheka. "Basi kazi umeshaielewa. Kila mteja anaona hivyo hivyo, na mshahara wetu unatoka hapo."

Mimi jina langu ni Zuhura, ila tangu nipate mtoto wa kwanza naitwa Mama Rehema. Baba alikuwa mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka pwani, na mama alikuwa Msukuma wa vijiji vya Shinyanga. Nyumbani tulizungumza lugha zote mbili, na nadhani hilo ndilo lililonipatia kazi. Wateja wengi walikuwa wafugaji na wakulima, na mtu anayetoa fedha nyingi hupenda kuzitolea kwa lugha ya mama yake.

Vijana wanaotaka kununua gari huniuliza ule ukumbi ulikuwaje upande wa ndani. Nitawaeleza. Mteja alipokewa kwa soda baridi, kwa sababu mwenye chupa mkononi haondoki mpaka aimalize. Kisha tulimkalisha ndani ya gari, kama nilivyokalishwa mimi. Baada ya hapo ndipo ilipotoka profoma, yaani karatasi ya bei anayopewa mteja kabla hajalipa. Bei iliyobandikwa kwenye kioo ilikuwa ya gari peke yake. Usajili, bima na mengineyo yalijitokeza chini ya profoma, wakati huo mteja ameshampigia mkewe simu kumwambia rangi ya gari.

Nilipohamishiwa Kahama ndipo nilipofanya kazi chini ya Meneja wa Mauzo, na mtu huyo nilimstaajabia kwa miaka mingi. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye shati jeupe hata siku za vumbi. Aliweza kusimama mlangoni akamtazama mteja anavyolizunguka gari, akaninong'oneza, "Huyu atanunua leo. Yule anatafuta pa kupumzikia jua." Hakukosea mara nyingi. Sikuwahi kumsikia akisema uongo wa waziwazi. Kazi yake ilikuwa kunyamaza mahali ambapo mwingine angesema.

Mteja wa mkopo aliulizwa naye, "Kwa mwezi unaweza kutoa kiasi gani?" Swali hilo lina huruma ndani yake, na ndiyo maana linakamata. Mteja akishataja kiasi cha mwezi, husahau kuuliza ni miezi mingapi, wala jumla ya yote. Mteja wa fedha taslimu aliwekewa vikorombwezo: bampa la chuma, turubai la nyuma, vioo vya giza, zulia. Na mteja anayesitasita aliambiwa kuna mwingine njiani anakuja kulilipia gari hilo hilo. Nimeona watu wazima, wenye biashara kubwa za mchele na ng'ombe, wakianza kutoka jasho kwa ajili ya mtu ambaye hawajamwona.

Baadaye kampuni ilifungua tawi Geita, kata ya Kalangalala, na Meneja wa Mauzo akaomba nihamie naye. Kule tulikutana na wateja wa namna nyingine. Duara ni shimo wanaloshukia wachimbaji wadogo, na likitoa dhahabu husema limetema. Duara likitema, kijana aliyekuwa akila ugali kwa chumvi anaweza kuingia ukumbini na begi mgongoni, bado ana vumbi la mwamba masikioni. Meneja alituambia, "Mtu wa duara anataka furaha yake leo. Msimcheleweshe." Wengine niliwaona tena baada ya miezi michache wakitembea kwa miguu.

Asubuhi moja alikuja kijana mmoja, Shija, na pikipiki, amempakia mama yake. Walitoka Kharumwa. Kijana alivaa nguo mpya zenye mikunjo ya dukani. Mama alikuwa mzee, mrefu, amejifunga kanga mbili, na viatu vyake vilikuwa vya plastiki. Kiswahili alikisikia kidogo tu.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, yaani umeamkaje, mama. Uso wake ukafunguka. Akanishika mkono na hakuniachia mpaka tulipokaa. Kuanzia hapo nikawa mkalimani wake.

Shija alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu nyeupe ya milango minne iliyosimama nje, karibu na njia ya uani. Alipoingia na kufunga mlango, niliuona uso wake kupitia kioo, nikaujua, kwa maana na mimi niliwahi kuwa na uso kama ule.

Meneja wa Mauzo alimwamkia mama, "Shikamoo," akajibiwa marahaba. Kisha akamgeukia kijana aliyekuwa ametoka garini na kukaa kando ya mama yake. "Kijana wangu, umejipanga na kiasi gani, nikutafutie linalokufaa?"

Shija alifungua kinywa. Mama akamwekea mkono gotini, akaniambia kwa Kisukuma, "Muulize yeye anauza kiasi gani. Sisi tumekuja kununua."

Nikatafsiri. Meneja akatabasamu, akaagiza soda. Mama akakataa ya kwake, akairudisha na ya mwanawe. Profoma ikaletwa. Akaniomba nimsomee mstari kwa mstari, na kila nilipofika kwenye kikorombwezo aliuliza, "Hicho kipo kwenye gari lile pale?"

"Hakipo, mayu. Kitafungwa."

"Basi kitoe. Siku tukikitaka tutakifunga wenyewe."

Karatasi ikarudi ofisini, ikaja nyingine fupi zaidi. Mama akasikiliza bei, akatikisa kichwa, akasimama. "Twende," akamwambia mwanawe. Hapo ndipo Shija alipokumbuka kwamba ufunguo wa pikipiki yake ulichukuliwa na karani wetu, eti wakaikadirie thamani ili ipunguze bei. Karani akasema fundi bado anaiangalia. Hiyo ilikuwa mbinu ya zamani: mteja asiye na ufunguo hawezi kwenda kuuliza bei kwingine.

Mama alikaa tena, akakunja mikono. "Mwambie ufunguo urudi kwanza. Siwezi kupatana bei huku miguu yangu ameishika yeye."

Nilitafsiri neno kwa neno. Meneja akamwashiria karani. Ufunguo ukaletwa. Mama hakumpa Shija. Aliufunga kwenye pindo la kanga yake.

Kuanzia hapo nilisahau kwamba nalipwa mshahara na upande mmoja. Meneja alishusha bei kidogo, kwa upole, huku akisifia injini. Mama aliitikia sifa zote, kisha akataja bei yake, akaishikilia hiyo hiyo. Meneja akasema kuna mteja kutoka mgodini anakuja mchana kulilipia. Mama akasema, "Mwambie nimefurahi. Asimkose." Akatoka mpaka getini, bila haraka. Meneja akamfuata mwenyewe kwenye jua, na jambo hilo sikuwahi kuliona. Wakarudi. Meneja akaingia ofisini kumpigia simu Mkuu wa Tawi wa Geita, akatoka na bei ambayo kwa miaka yangu yote sikuwahi kusikia ikitajwa kwa gari lile. Nikaitafsiri. Shija alikuwa ameshasimama, anacheka peke yake.

Mama akageuza kichwa, akanyoosha kidole kuelekea uani. Kule nyuma kulikuwa na lori dogo la kijivu, jipya, ambalo hakuna aliyelitazama tangu asubuhi.

"Na lile?" akauliza.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Sasa nimejua akishuka bei anafika wapi," akasema. "Ashuke hivyo hivyo kwa lile."

Nikatafsiri. Shija akasema, "Mama, tulisema pikapu."

"Ulisema wewe. Mimi nilisema nitakusindikiza." Akamvuta, akamkalisha. Maneno yake hayakuwa ya kutafsiriwa, lakini Meneja aliniomba, nikamnong'oneza huku mama akimwambia mwanawe: "Baba yako alishuka duarani, hakupanda. Na wewe umeshuka miaka hii yote, mimi nakaa uani nasikiliza kila pikipiki inayoingia, nikidhani imeleta habari yako. Hilo jeupe litakutembeza mpaka fedha iishe, kisha litakurudisha shimoni. Lile litabeba mpunga wa kwetu mpaka Kahama. Ila dhahabu umeitoa wewe, sikuitoa mimi. Ukisema jeupe, tunalipa jeupe. Bei yake nimeshakupatia."

Nilielewa hapo kwamba zile saa zote hakuwa akimdanganya mwanawe wala kumchezea. Alikuwa akimtafutia yote mawili kwa bei ya chini, ili achague bila kusukumwa.

Shija alitoka. Tulimwona kupitia kioo akiipita ile nyeupe bila kuigusa. Akapanda kwenye lori, akafunga mlango, akakaa. Meneja alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Shija aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hakumtazama mama yake, alimuuliza Meneja, "Linabeba magunia mangapi?"

Mama Shija alifumba macho kidogo, kama mtu aliyetua mzigo kichwani.

Meneja alikubali bei. Kisha akaniambia, "Muulize alikuwa akifanya biashara gani." Akajibu kwamba baada ya kufiwa na mume alinunua na kuuza ng'ombe minadani, na kule ukionyesha unayemtaka umekwisha; bei unaipimia kwa mwingine kwanza. Meneja akasimama, akamwamkia shikamoo kwa mara ya pili siku ile, akiwa ameinamisha kichwa. Haikuwa shikamoo ya biashara.

Kabla ya kulipa, mama alinigeukia. "Mwanangu, lingekuwa la mwanao ungetazama nini?"

Nilimtazama Meneja. Akaitikia kwa kichwa. Basi nikawapeleka uani, nikawaonyesha ninayowaonyesha watu mpaka leo. Namba ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye chuma, ilingane na ya kwenye karatasi. Kibao cha mwaka wa kutengenezwa, kwa sababu gari linaweza kuwa halijatumika na bado likawa limekaa uani muda mrefu. Tarehe iliyopigwa kwenye matairi. Kilomita kwenye dashibodi, na pedali za miguu: zikiwa zimelika huku kilomita ni chache, hilo ni gari lililokuwa likitumika kuwajaribisha wateja. Na tairi la akiba na jeki, ambavyo hupotea kwa namna ya ajabu. Shija alipiga magoti kwenye mchanga na nguo zake mpya, akakagua kimoja kimoja.

"Wabeja," mama akaniambia, yaani ahsante. Akapanda kwenye lori kwa kushikwa mikono pande mbili, na Shija akaliendesha taratibu mpaka barabarani. Dereva wetu, aliyepewa ule ufunguo, aliwafuata na pikipiki yao.

Meneja wa Mauzo alistaafu kabla yangu, nami nikashika nafasi yake. Jambo la kwanza nililoagiza ni kwamba profoma iandikwe bei moja ya mwisho, yenye kila kitu ndani. Mkuu wa Tawi aliyekuwapo wakati huo aliniuliza kama nataka kuua biashara. Biashara haikufa. Wachimbaji walianza kuja na mama zao, wengine na wake zao, na nikazoea kuona soda zinarudishwa zikiwa zimefungwa.

Siku hizi nimestaafu, nakaa Shinyanga, na watu huniomba niwasindikize kwenda kununua gari. Nawaambia, liwe jipya au lililokwisha kutumika Japani, waulize bei ya mwisho, wasitaje yao kwanza, na ufunguo wao usitoke mkononi. Juzi nilimsindikiza Kahama muuguzi mmoja kijana, Esta, binti wa jirani yangu, aliyejinyima muda mrefu apate gari dogo la kwendea zamu. Njiani nilimfundisha mpaka nikakauka koo, na yeye akanisikiliza kwa heshima.

Tulipofika nilikuwa tayari kusema. Sikupata nafasi. Esta aliuliza bei ya mwisho yenye kila kitu ndani, akaitaja ya kwake, na muuzaji akasema anakwenda kuongea na bosi. Wengi hapo huanza kuhangaika. Esta alifungua mkoba, akatoa karanga za kuchemsha, akanimiminia kiganjani, akaanza kunisimulia mtoto aliyezaliwa wodini kwao alfajiri, jinsi alivyokataa kulia mpaka mama yake alipomwita jina. Muuzaji akarudi, akaondoka, akarudi tena. Esta alimwomba asubiri kidogo, amalizie habari ya mtoto.

Mwishowe bosi mwenyewe akatoka ofisini, akavuta kiti, akakaa mbele yake. Mimi, na miaka yangu yote ndani ya kumbi zile, nilikuwa nimekaa pembeni natafuna karanga, kinywa wazi.